Naftali Temu na Mpira Uliokosa Mwenyeji

Mtu wa pwani akifika mji mgeni siku ya Jumamosi alasiri hutafuta vitu viwili: msikiti wa kuswalia na kiwanja cha mpira. Nilipopelekwa Kericho kwa kazi ya gazeti, msikiti niliuona upesi. Kiwanja ilinibidi kukiuliza. Nikaelekezwa nitoke mjini, niingie katikati ya mashamba ya chai, niteremke njia ya udongo mwekundu mpaka penye nyumba za wafanyakazi. Huko nikaikuta mechi hasa, yenye kelele na matusi madogo madogo ya kirafiki, na mwamuzi asiyeaminiwa na upande wowote. Wachezaji waliitana kwa Kijaluo, kwa Kiluhya na kwa Kikisii. Kikipsigis, lugha ya wenye nchi, sikukisikia kiwanjani. Wenye nchi walikuwa barabarani, vijana wanane au tisa wakipita mbio kimya kimya, mmoja nyuma ya mwenziwe, na hapana hata mmoja aliyegeuza shingo kuutazama mpira.

Jambo hilo liliniganda moyoni. Sisi tuliokulia Mombasa, tukishatoka chuoni na mbao tumekwisha kuzifuta, njia ilikuwa moja tu, nayo ni ya kiwanjani. Wazee wetu waligawana mji kwa Feisal na Liverpool, na ndugu wa tumbo moja wangeweza kununiana wiki nzima kwa bao moja. Mtoto asiyejua mpira alionewa huruma kama mwenye maradhi. Sasa hii ni nchi gani, yenye vifua vipana na miguu mirefu na nyasi mwaka mzima, ambayo mpira umekuwa wa wageni na wenyeji wanapita kando?

Nisije nikasingizia watu. Usiku ule ule, katika hoteli niliyokula chapati na chai (chai ya huko, msomaji mpenzi, tusiinywe sisi wa mbali na kudhani tumekunywa), niliwaona vijana wa Kikipsigis wamejazana mbele ya televisheni wakiitazama ligi ya Uingereza, wamevaa fulana za Arsenal na Manchester United, wanajua majina ya wachezaji kuliko mimi. Kericho imepata pia kuwa na timu yake katika ligi kuu ya Kenya, Zoo, iliyopanda mwaka 2017; lakini mwaka 2021 FIFA iliitoa ligini kwa kosa la kupanga matokeo, na ikarudi chini. Kwa hivyo mpira wanaupenda kwa macho. Ninalouliza ni jingine: mtoto wa huko akijiona ana kipaji mwilini, kwa nini mguu wake unakwenda barabarani badala ya kwenda kiwanjani?

Siku ya pili nilishika gari la Sotik. Njia inapita Litein na Kapkatet, chai kulia, chai kushoto, mpaka macho yanachoka na rangi moja. Sotik nilimpata mzee mmoja aliyestaafu jeshini, nikamtolea swali langu nikitaraji atanijibu kwa habari za damu na milima, kama wanavyojibu wazungu vitabuni. Hakunijibu hivyo. Aliinua fimbo akaonyesha upande wa Chebilat, pale soko linapokalia mpaka wa Wakipsigis na Wakisii, akasema kwamba dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki haikutoka kwao Wakipsigis wala kwa Wanandi. Ilitoka ng'ambo ile. Ilitoka kwa Naftali Temu, mtu wa watu wanaopenda mpira. Nikielewa kilichompata Temu, alisema mzee, nitaelewa mengine.

Basi nimekaa na maisha ya Temu tangu siku hiyo, na hapa nayasimulia.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945, Mkisii wa upande wa Nyamira, siku ambazo vita vikuu vya pili vilikuwa vinafikia ukingoni. Nchi yao ni ya vilima vilivyosongamana watu, yenye ndizi, na baadaye chai hiyo hiyo ya majirani. Wakati wa utoto wake Wakisii walikuwa tayari wanaye mwanariadha wa kujivunia. Nyandika Maiyoro alikwenda Vancouver mwaka 1954, Kenya ilipopeleka wanariadha wake kwa mara ya kwanza katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akatoka wa nne katika maili tatu. Mwaka 1956 alikuwa Melbourne, wa saba katika mita 5,000, na mwaka 1960 Roma, wa sita. Hakupata nishani, lakini mtoto wa Nyamira alijua kwamba miguu inaweza kumpandisha mtu ndege.

Temu alijiunga na jeshi. Hapa msomaji asimame kidogo, maana ndipo penye fundo la habari. Jeshi na polisi na magereza, urithi wa serikali ya kikoloni, vilikuwa na siku zao za michezo, na katika siku hizo mkimbiaji mzuri alitambulikana kwa saa ya mkononi, bila ubishi. Aliyeshinda kikosini alipelekwa mkoani, aliyeshinda mkoani alipelekwa Nairobi, na aliyeshinda Nairobi alipewa viatu, sare, chakula cha uhakika na muda wa kujizoeza. Chama cha riadha cha nchi kilikuwapo tangu 1951. Ngazi ilikuwa imesimikwa, na chini yake angeweza kusimama mtu yeyote, hata yule asiyejuana na mtu mjini. Jeshi hilo hilo ndilo lililomlea Wilson Kiprugut Chumo, Mkipsigis wa Kericho. Wawili hao, mmoja wa upande huu wa Chebilat na mwingine wa upande ule, walipanda ngazi moja.

Mwaka 1964 wote wawili walikuwa Tokyo. Kiprugut alipata shaba katika mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Canada, nayo ikawa nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, mwaka mmoja tangu uhuru. Temu alikuwa kijana wa miaka 19. Alikimbia marathoni siku aliyoshinda Abebe Bikila wa Ethiopia, akafika wa 49. Hapana aliyemwandika gazetini kwa hilo, na sioni sababu ya kumlaumu mwandishi.

Miaka miwili baadaye, Kingston, Jamaika, mambo yaligeuka. Katika maili sita alikuwapo Ron Clarke wa Australia, aliyeshika rekodi ya dunia ya masafa hayo, mtu aliyezoea kuwachosha wenziwe kwa mwendo mmoja mkali mpaka wakaachia wenyewe. Temu hakuachia. Alikwenda naye, kisha akamwacha, akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6. Dunia ikauliza ni nani huyu. Clarke hakuhitaji kuuliza.

Ndipo ikaja Meksiko. Tarehe 13 Oktoba 1968, fainali ya mita 10,000, katika mji ulio juu ya bahari kwa mita 2,240. Wengi wa waliotoka nchi za tambarare walikuwa wakitafuta pumzi kama samaki aliyetupwa mchangani. Walitangulia polepole, wakiogopana na kuiogopa hewa. Kipchoge Keino, aliyekuwa mgonjwa wa nyongo, alitoka njiani kabla ya mwisho. Clarke alibaki nyuma, akafika wa sita na kuanguka, ikabidi kupewa oksijeni. Mbele wakabaki Waafrika watatu, Mamo Wolde wa Ethiopia, Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Temu. Wolde alichomoka mzunguko wa mwisho akaonekana ameshinda. Temu akamfuata, akamkaribia, na katika mita za mwisho kabisa akampita. Dakika 29, sekunde 27.4, na Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya.

Siku nne baadaye alirudi akapata shaba ya mita 5,000, nyuma ya Gammoudi na Keino, na tarehe 20 akakimbia marathoni pia, akatoka wa 19. Mbio tatu ndefu kwa juma moja, katika hewa ile! Kiprugut naye aliongeza fedha katika mita 800, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa, tatu kati yake za dhahabu.

Sasa turudi kwenye mpira, kwa kuwa mwaka huo huo wa 1968 ndio ilipoundwa Gor Mahia. Abaluhya, tunayoijua leo kwa jina la AFC Leopards, ilikuwa imeundwa 1964, mwaka wa Tokyo. Tuyatazame majina hayo vizuri. Timu hizo zilikuwa nyumba za watu waliokuwa mbali na nyumba zao. Mjaluo au Mluhya aliyekwenda Nairobi, Nakuru au Mombasa kufanya kazi reli, bandarini au kiwandani, alimkuta mwenziwe wa lugha katika chama cha kusaidiana kuzikana na kuchangiana nauli, na chama hicho kikawa na timu. Mechi ya Jumapili ilikuwa ndio kijiji chao. Hata serikali ilipoagiza timu ziache majina ya kikabila, mashabiki hawakuhama.

Katika mashamba ya chai ya Kericho ilikuwa vivyo hivyo. Makampuni makubwa ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis waliihesabu kuwa yao, na hata leo neno hilo halijakwisha. Vibarua wengi waliletwa kutoka magharibi na Kisii, wakapangwa katika kambi, na kila kambi ikapata kiwanja na goli mbili. Jioni, baada ya kikapu cha mwisho kupimwa, mchuma chai aliye mbali na mkewe angefanya nini? Alicheza mpira. Mkipsigis hakuwa na haja hiyo. Yeye alikuwa na boma lake kilima cha pili, na ng'ombe wa kukamua, na wazee wake hapo hapo. Kambi ilikuwa ya wageni, na kiwanja ni cha kambi. Nani aende kwa wageni wake akaombe kucheza, tena katika ardhi anayoinung'unikia?

Hii ndiyo rai yangu, na nitaishikilia mpaka mwenye hoja bora aniondoe. Mpira ulifika nchi ya chai kama mali ya mgeni, na mgeni hakuondoka, kwa hivyo mwenyeji hakupata nafasi ya kuurithi. Mbio hazikuwa mali ya mtu. Hazikutaka kiwanja tambarare katika nchi ya miteremko, wala wenzako kumi, wala goli, wala kibali cha meneja. Mtoto wa darasa la pili alikuwa anazo tayari, kutoka nyumbani mpaka shule.

Wamarekani nao wana kisa kama hiki, ndiyo maana nilicheka peke yangu nilipokisoma. Watu hushangaa taifa kubwa kama lile, lenye fedha na viwanja, limeuacha mpira ukae nyuma ya besiboli, ya kikapu na ya ule mchezo wao wa kugongana vichwa wanaouita futiboli. Lakini mpira uliwahi kuwa na moto huko. Waskoti wa viwanda vya nyuzi vya Kearny, Waingereza na Wareno wa Fall River, watu wa St. Louis, walikuwa na timu kali, na mwaka 1930 Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Kasoro ni kwamba mpira ulibaki katika kambi. Ulikuwa mchezo wa baba aliyezungumza kwa lafudhi ya ng'ambo, na mtoto wake aliyezaliwa huko alitaka kuwa Mmarekani hasa, akashika rungu la besiboli. Vyuo vikuu vilikwisha kuwa na mchezo wao wa majira ya vuli, na kikapu kilikwisha kuchukua majira ya baridi. Nafasi ilikuwa imejaa.

Hata siku yao kuu ya zamani waliletewa na mgeni. Tarehe 29 Juni 1950, huko Belo Horizonte, Brazil, Marekani iliifunga Uingereza bao moja kwa bila, na mfungaji alikuwa Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa New York kwa masomo. Alirudi kwao, na mwaka 1964 akachukuliwa na watu wa Duvalier, asionekane tena. Miaka ya 1970 walimnunua Pelé ili auwashe moto. Ukawaka kidogo, na ligi ile ikafungwa baada ya msimu wa 1984. Ilibidi waandae Kombe la Dunia la 1994 na kuanzisha ligi nyingine mwaka 1996 ndipo mpira ukaanza kupata mahali pa kuweka kitanda chake.

Na kuna kiungo kingine baina ya Marekani na vilima hivi, kinachozidi kuifunga njia ya mpira. Tangu miaka ya 1970 vyuo vikuu vya Marekani vilianza kuwachukua wakimbiaji wa Kenya kwa msaada wa masomo. Henry Rono, Mnandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81, mwaka 1978. Barua za namna hiyo zilipoanza kufika vijijini, hesabu ya mzazi ilikuwa rahisi. Mbio zinaleta chuo, zinaleta ng'ombe wa maziwa, zinaleta nyumba ya mawe. Mpira wa Kenya ulikuwa unaleta nini? Timu ya taifa ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na Kombe la Dunia haijakanyaga. Mchezaji bora wa ligi alikuwa karani wa bandari au fundi wa reli siku ya Jumatatu.

Lakini mzee wa Sotik hakuniambia nimtazame Temu ili nielewe Wakipsigis tu. Ng'ambo ile ngazi haikusimama vile vile. Mwaka 1972 huko Munich, Kenya ilipotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, watatu kati ya wanne walikuwa Wakisii: Charles Asati, Munyoro Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. Ungesema Kisii ndiyo itakayotawala. Haikuwa hivyo. Yobes Ondieki alikuja akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, lakini kundi lililomfuata lilikuwa dogo. Kisii mjini ilikuwa imepata Shabana, timu iliyoundwa mwaka 1980, na mapenzi ya watu yakahamia Gusii Stadium. Shabana ikashuka daraja mwaka 2006, na iliporudi ligi kuu mwaka 2023 watu waliijaza barabara kama waliompokea mwana aliyepotea. Vilima ni vile vile, hewa ni ile ile, chai ni ile ile. Wakati wa Temu, Chebilat haikuwa na upande wa mbio na upande wa mpira. Huo mpaka umechorwa baadaye, na waliouchora ni watu, kwa makambi na shule na vyama na barua za kutoka ng'ambo.

Temu mwenyewe hakupata sehemu kubwa ya manufaa hayo. Wakati wake riadha ilikuwa ya ridhaa. Aliyeshinda dhahabu alipewa mkono na rais, picha gazetini, na gwaride kambini, basi. Fedha za marathoni za miji mikubwa zilikuja yeye amekwisha kuzeeka kimbio. Alikwenda Munich mwaka 1972 lakini hakufika fainali, na mwaka uliofuata akaacha. Akarudi katika maisha ya kawaida, huku jina la Keino likizidi kung'aa, na kwa haki, ila watoto wa shule waliendelea kudhani kwamba Keino ndiye wa kwanza kwa kila kitu. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Alifariki Nairobi tarehe 10 Machi 2003, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa saratani ya tezi ya kibofu. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 58.

Kabla sijaondoka Sotik nilimwomba yule mzee anipeleke Chebilat. Tulifika saa za magulio. Mama mmoja aliuza nyanya kwa Kikisii na kumrudishia mteja chenji kwa Kikipsigis, ingawa mpaka huo umewahi kuona moshi na machozi, mwaka 1992 na tena 2008. Nyuma ya vibanda palikuwa na kipande cha ardhi kilichoinama, watoto wakipiga mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Kila ulipotoka nje uliteremka mbali mpaka bondeni, na mtoto mmoja, sijui wa upande gani, ndiye aliyekuwa akiukimbilia kila mara na kurudi nao mlima mzima bila kuhema. Mzee alimtazama sana. Nikamuuliza anamfikiriaje. Akasema ni saa ya gari langu, na la mwisho la Kericho halingojei mtu.